Huguette na Jenereta Iliyozunguka Vijiji

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Huguette Lavigueur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Sainte-Ludivine, Quebec. Alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mnaijua wiki hiyo. Jumatatu theluji. Jumanne mvua, nayo ikaganda kila ilipogusa. Nguzo za umeme zikavunjika. Mashine za kukamulia zikazimika, na ng'ombe wakaanza kulia viwele vimejaa.

Huguette alikuwa na jenereta. Akaifunga nyuma ya trekta. Zizi moja kwa muda wa saa mbili, kisha zizi jingine. Siku tatu hakutulia.

Maryse, bintiye, anasema: "Nilimwambia, 'Mama, kaa unywe supu.' Akanijibu, 'Supu haiumwi. Ng'ombe wanaumwa.' Akatoka na kofia upande."

Alhamisi asubuhi akafika kwa Fernand Gadbois. Wasikilizaji, hawa majirani hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa. Fernand alikuwa amekata miti mitatu ya utomvu mtamu, iliyopandwa mpakani na baba yake Huguette.

"Nilimuuliza, 'Umekuja kunicheka?'" anasimulia Fernand. "Akasema, 'Nitakucheka kiangazi, nikipata nafasi. Fungua zizi, mzee mkaidi we!' Tukakamua. Ng'ombe arobaini."

Alipomaliza aliondoka haraka. Familia ya Pelchat walikuwa wanamngoja. Mita mia mbili tu mbele, tawi lilikuwa limeziba njia. Alishuka kuliondoa. Juu yake, tawi jingine lililolemewa na barafu likakatika.

Fernand alisikia mlio. Akakimbia, akianguka na kuinuka.

"Alikuwa bado anapumua. Akaniambia, 'Pelchat.' Basi. Nikamshika mkono mpaka akatulia. Maryse alipofika nikamwambia sitaondoka. Akaitazama trekta, bado inanguruma. Akasema, 'Nenda kwa Pelchat, mzee. Mimi nipo naye.'"

Fernand akaenda. Siku tano akazunguka na jenereta ile, zizi kwa zizi, mpaka umeme uliporudi.

Maryse, na ukoo wote wa Lavigueur, poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe unayetusikiliza, kama kuna mlango ambao hujabisha hodi kwa miaka, ufikirie leo.

Mazishi ni Jumamosi. Padri alitaka saa tatu asubuhi. Familia imeomba iwe saa tano, ili kila mtu amalize kukamua kwanza.