Bwana Alivyomrudisha Mama Kwenye Flati Yake

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na waliokuja leo na furaha, asifiwe na sisi tuliopanda ngazi hizi tukiburuta miguu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Sipho, mwana wa Mama Rehema wa Morogoro. Marehemu baba alikuwa mpigania uhuru wa nchi hii, akamwoa mama akiwa uhamishoni Tanzania. Tuliporudi Johannesburg alifariki kabla hajatujengea chochote. Sikuandaliwa meza na mtu. Nilisoma huku nikilinda mageti ya watu, nikapata diploma ya umeme, na leo nina karakana yangu Doornfontein na nyumba yangu Kensington. Ndugu zangu, nayasema haya kwa sauti kwa sababu ni kazi ya Mungu na ya mikono hii miwili!

Lakini kuna jambo ambalo diploma haikuliweza. Mama ana kisukari aina ya kwanza. Si kile cha ukubwani ambacho wengi wenu mnakituliza kwa vidonge. Kilimpata akiwa binti, na tangu hapo mwili wake hautengenezi insulini. Hujichoma sindano kabla ya kila mlo. Akiikosa, ni kifo. Akijichoma asile, sukari inaporomoka, na hicho nacho ni kifo. Zamani alijisikia ikishuka. Siku hizi jasho linamtoka na mwenyewe hana habari, mpaka akili imeshapotea.

Na anaishi peke yake, Yeoville, ghorofa ya pili. Nilimwomba ahamie kwangu.

"Nije nikae kwenye sofa la mkeo kama mto?" aliniambia. "Nimejichoma mwenyewe kabla wewe hujazaliwa."

Basi nikamnunulia kifaa cha kubandika mkononi. Kinasoma sukari, kinatuma kwenye simu yake, na simu yake inatuma kwangu. Ikishuka, simu zote mbili zinalia. Nikajiona nimemaliza kazi.

Ndugu zangu, Alhamisi ile jumuiya ilikuwa kwa mama. Taratibu zetu mnazijua. Simu zinazimwa na kuwekwa kikapuni mlangoni, maana tunaingia mbele za Mungu. Na mwenye nyumba haonji chakula mpaka kimeombewa na wageni wamepakua. Mama alijichoma jikoni wali ulipoiva, akaja kukaa. Mzee Kabongo akaanza kuombea chakula. Wapendwa, mnamjua Mzee Kabongo akianza! Aliombea wali, akaombea Kongo, akaombea karatasi za ukimbizi za kila aliyekuwemo.

Mimi karakanani naona namba za mama hazibadiliki. Napiga, simu imezimwa. Niliacha nyaya zikining'inia, nikapita robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, Mungu anisamehe. Kwenye ngazi nikasikia, "Toka! Toka!" Nikaingia. Mama yuko sakafuni, kitenge kimelowa jasho, anaropoka, anawasukuma watu. Nanyi mmemzunguka, mnakemea pepo.

"Hana pepo! Sukari imeshuka!" nikapiga kelele.

"Ndugu, usimguse, anafunguliwa!" Mama mmoja alinishika shati.

Nilijinasua. Nikachukua soda ya wageni pale mezani, nikamkalisha mama, nikamnywesha kidogo kidogo. Alikuwa bado anaweza kumeza. Hapo ndipo nilipouona mkono wa Mungu, hapo tu. Alipopata fahamu alitazama meza akauliza, "Mbona wageni hawajala?"

Siku ileile nikafunga flati, nikamhamishia Kensington. Na huko, ndugu zangu, nilimwona mama akifa polepole huku sukari yake ni nzuri! Mke wangu alimchoma sindano, alimpakulia, alimfungia geti. Namba kwenye simu zilipendeza. Lakini mama aliacha kuimba. Aliacha kuuliza habari za watu. Siku moja alinyoosha mkono apewe sindano yake.

"Acha tu, mama, utakosea," mke wangu akamwambia, kwa upole kabisa.

Mama akautazama ule mkono, akaurudisha mapajani. "Basi," akasema. "Mimi nimekwisha."

Dada yangu akapiga kutoka Durban. "Eish, bhuti, mpeleke nyumba ya wazee. Wewe si nesi." Nikamkatia simu. Nikaenda kukaa ndani ya gari, mwanaume mzima, nikalia. Nikimwacha kwake, atakufa. Nikimweka kwangu, anakufa. Sikuwa hata na ombi. Nilisema tu, "Bwana, hili limenishinda." Kwa mara ya kwanza maishani sikuona pa kushika.

Jibu halikuja na ngurumo. Jumapili baada ya ibada lilikuja kugonga geti langu: Mzee Kabongo na kina mama wa jumuiya. Mzee alikataa kiti.

"Pardon, mama," akasema. "Tulizani ni pepo."

Mama akamkazia macho. "Pepo gani huyo, mzee, anayetoka kwa soda?"

Walicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kutazama. Kisha Mzee akasema, "Utufundishe, mama. Tunataka jumuiya irudi kwako."

Wapendwa, mama alikaa wima! Akawafundisha: wakiona jasho, kuropoka, ukali usio wake, soda kwanza, maombi baadaye. Akishindwa kumeza, asitiwe kitu mdomoni, iitwe ambulensi. Simu yake haizimwi tena. Na akishajichoma, anakula, awepo mgeni yeyote.

"Hata ukiwa katikati ya ombi, mzee, mimi natafuna."

"Tafuna, mama. Mungu hazibwi masikio na mtu anayetafuna."

Dada wa saluni, jirani yake wa chini, akakubali kukaa na ufunguo wa pili. Nami nikamrudisha. Pale mlangoni nilitaka kuingia nikague friji, nikague dawa. Mama akanizuia kwa kiganja. "Nenda kwa mkeo, baba. Mlango nafunga mwenyewe." Nikabaki kwenye korido nikisikiliza komeo likiingia, machozi yananitoka, namshukuru Mungu kimyakimya.

Ndugu zangu, ugonjwa haujatoka. Sindano haachi, na asije mtu akamwambia aache! Hofu nayo haijanitoka. Simu ikilia natafuta funguo za gari. Lakini lile shimo la kutokuona njia, Bwana amenitoa. Asante, Yesu! Na wewe unayemlea mzazi huku umekata tamaa, usingoje kupata nguvu kwanza. Mlilie Bwana ukiwa hivyohivyo, na watu wake wakigonga, hata waliokukosea, wafungulie. Mtumaini hata ukiwa unatetemeka. Mimi bado natetemeka, na mama yuko kwake.