Handbreki ya Kitufe

Teksi ya kuchangia ilisimama kwenye mlima wa Madale, mlangoni kwa Bi Tabu, lakini mwenyewe hakushuka.

"Badru, kaweke jiwe nyuma ya tairi kwanza. Juzi gari lako lilirudi nyuma mguu wangu mmoja ukiwa chini."

"Mama, handbreki imeshatengenezwa. Ni hiki kitufe."

"Kitufe ni cha redio! Handbreki ina mkono."

Badru akatoa gia, akakibonyeza, akaondoa mguu kwenye breki. Kwenye kiti cha nyuma, abiria mwenzao Editha alisikia mvumo mdogo chini yake, akafumba macho. Alipoyafumbua, ukuta wa jirani ulikuwa palepale dirishani.

"Subhanallah!" Bi Tabu alinong'ona. "Kidole kimoja kimezuia gari zima."

"Si nilikwambia? Shuka sasa."

"Nimeona, mwanangu. Haya, kaweke jiwe mie nishuke."