Mwanarusi Aliyeketi Getini

Wasikilizaji wapendwa, kutoka Vanga hadi Ukunda, natumai mmeamka salama. Leo tunamkumbuka Bi Mwanarusi binti Tembo wa Mwabungo. Alitangulia mbele ya haki Jumatano iliyopita, akiwa na miaka themanini na minne. Huyu ndiye aliyetuingiza sote katika Jumba la Starehe la Mwambao, kule Diani.

Wa rika langu mnalikumbuka jumba hilo. Bwawa la kuogelea, sinema, ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao. Kabla ya uhuru, kibao getini kilisema ni la Wazungu tu. Uhuru ulipokuja, kibao kikaondolewa. Lakini watu wa Diani hawakuingia. Waliingia wafanyakazi tu, tena kwa mlango wa jikoni. Bi Mwanarusi alikuwa dobi humo. Alifua taulo za bwawa ambalo hakuwahi kulitia hata kidole.

Huyo huyo dobi ndiye aliyekuwa kiongozi wa sengenya, ngoma yetu sisi Wadigo.

Desemba 1964, nchi ikawa Jamhuri. Meneja akamwomba alete ngoma iwatumbuize wageni mchana wa sikukuu. Akaja na wachezaji ishirini. Nyuma yao, Mwabungo nzima: wazee, wavuvi, wanawake wenye watoto mgongoni.

Mlinzi, Bwana Kaingu, akasema wachezaji wapite jikoni, wengine wabaki nje.

Bi Mwanarusi akaweka ngoma yake chini. Akaketi mchangani, hapo hapo getini. Wachezaji wote wakaketi. Mdogo wake, Mzee Mwero, alikuwapo. Ametuambia hivi: "Nilimwambia, dada, utafukuzwa kazi. Akanijibu, nguo chafu haziwezi kwisha duniani."

Meneja akatoka, uso umemwiva. "Mimi niliita wachezaji tu."

"Sengenya haichezwi bila waitikiaji, bwana meneja," akasema Bi Mwanarusi, kwa adabu kabisa. "Hawa ndio waitikiaji."

"Wote hawa?"

"Wote. Na wengine wako njiani."

Wageni ndani wakaanza kucheka. Meneja akautazama umati, akatazama saa yake. Kisha akamwambia Bwana Kaingu afungue geti. Geti kubwa, wasikilizaji wapendwa. Si mlango wa jikoni.

Ngoma ililia mpaka alasiri. Mbao za ukumbi zilitikisika. Bibi mmoja wa Msambweni alitia miguu bwawani, akasema maji haya hayana chumvi, yameharibika. Meneja mwenyewe alivua viatu akacheza, vibaya sana.

Bi Mwanarusi hakufukuzwa kazi. Tangu hapo geti likawa wazi kwa wote kila Jumapili, na Jumanne asubuhi bwawa likawa la wanawake. Bintiye, Bi Mwanasha, anasema: "Mama aliingia na leso zake mbili. Mwezi wa kwanza alikunywa maji tu. Wa pili akaogelea. Baadaye akatufundisha sisi."

Bi Mwanarusi alizikwa Mwabungo, Alhamisi baada ya adhuhuri. Bi Mwanasha, Mzee Mwero na wajukuu wote, poleni sana. Mola amrehemu, awape subira.

Nawe msikilizaji, huenda hapo nyumbani yuko bibi anayechambua mchele kimya kimya, na hujui alifanya nini ujanani. Zima redio. Nenda ukamwulize.