Ufunguo Uliokaa kwa Kinyozi

Mheshimiwa Diwani wetu. Mwenyekiti wa Umoja wa Wafanyabiashara wa barabara hii. Mzee wetu mwenye nyumba, ambaye tangu nisimame hapa hajaacha kunitazama. Ndugu wageni waalikwa. Majirani wa zamani mliorudi leo, na majirani wapya ambao bado tunajifunza sura zenu. Na wewe shemeji yangu kinyozi, uliyeketi hapo mbele umenyoosha shingo kama mtu anayesubiri kunyolewa: habari za mchana.

Mwenyekiti aliponiomba niseme maneno ya kumuaga kinyozi anayestaafu, nilimwambia atafute mtu aliyezoea kipaza sauti. Akaniuliza, "Mama, wewe umekaa jirani naye miaka mingapi?" Nikahesabu. Ni miaka thelathini na mmoja. Mume wangu alikuwa fundi saa pale kwenye kona, na mimi nilikaa kando yake kwenye meza ndogo, nikibadilisha mikanda na betri. Kati yetu na kinyozi palikuwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba, hata tukawa tunajua nani ananyolewa kwa kusikia kikohozi chake.

Niseme jambo moja mapema, ili mzee mwenye nyumba anywe soda yake kwa utulivu. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, na mpaka leo hakuna saa iliyotengenezwa pale kwenye kona. Mzee amenivumilia. Mwezi uliopita aliniuliza, kwa upole wake wote, kama ninakiachia kile chumba au ninabaki nacho, maana kuna mtu anakiomba. Nilimwahidi jibu leo, mbele ya kinyozi, kwa sababu jibu lenyewe linamhusu kinyozi kuliko anavyodhani. Mzee, jibu ninalo. Nipe nafasi nilifikie.

Ninyi mliohamia hapa karibuni mnaijua barabara hii ikiwa na vioo virefu na maandishi yanayowaka. Je, mnaweza kuiona kama tulivyoiona sisi? Kwenye kona, saa za mume wangu ukutani, kila moja ikigonga pale ilipojisikia kugonga. Mlango wa pili, kinyozi, na benchi lake la mbao lililong'aa kwa kukaliwa. Mlango wa tatu, dobi, ambaye ulimnusa kabla hujamwona, sabuni na wanga na pasi ya mkaa. Mtu wa hasira za asubuhi, lakini ikifika saa nne zimekwisha. Na mlango wa nne alikuwa Mama Mita, muuza vitambaa, yule pale, msimcheke. Tulimwita hivyo kwa sababu hata mtu akipita tu barabarani, Mama Mita alikwambia suruali ile imekula mita ngapi. Ukinunua kitambaa cha nguo ya mtoto, alipima, kisha akaongeza kiganja kimoja bila kukuuliza. "Cha kukua," alisema, na mkasi ukaendelea na safari yake.

Kinyozi naye tulimwita Taratibu. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye kiti chake akiwa amenyolewa vibaya, na hakuna aliyewahi kutoka akiwa amewahi popote. Namkumbuka mteja mmoja aliyemwambia, "Kinyozi, ule upande ulioanza nao umeshaota tena." Kinyozi akamjibu bila kuinua macho, "Tulia, nitaurudia."

Sasa niwaambie kuhusu funguo zetu, maana wengi mmesikia nusunusu.

Mume wangu alijua saa ya kila mtu mtaani inachelewa dakika ngapi, lakini hakujua ufunguo wake wa duka uko wapi. Wiki moja aliusahau mara tatu kwenye suruali aliyompa dobi afue. Mara ya tatu dobi alitoka nje, ufunguo unadondosha maji, akapaza sauti barabara nzima ikasikia: "Fundi, nimechoka kufua chuma! Mpe mtu mwenye akili akutunzie!"

Mume wangu akatazama huku, akatazama kule, akampa kinyozi. Kinyozi akaupokea, akafikiri kidogo, kwa ule mwendo wake wa kufikiri, akasema, "Basi na wewe shika wangu. Nikishika wako peke yangu nitajiona askari wako."

Ndivyo ilivyoanza. Haukupita mwezi, dobi na Mama Mita nao wakabadilishana. Jioni mnafunga, unampa jirani ufunguo wako, anakupa wake. Asubuhi hakuna anayefungua duka lake mpaka mwenzake afike, na kila mmoja anafunguliwa na mwenzake. Mtaniuliza, kwa nini kujitesa hivyo? Je, siku jirani akiumwa? Siku jirani akiumwa, ndugu zangu, saa moja na nusu asubuhi ulikuwa umeshajua kuwa anaumwa, na ulikuwa njiani kwenda kwake, kwa sababu hukuwa na namna nyingine ya kuanza siku yako. Je, mkigombana? Tuligombana, tena sana. Lakini jaribuni wenyewe kumnunia kutwa nzima mtu aliyewafungulia mlango asubuhi, mtaona kazi yake.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa saa ya ukutani ya kinyozi. Kinyozi aliichelewesha dakika ishirini kwa makusudi, ili waliokaa kwenye benchi wasione kuwa wamesubiri sana. Kwa mume wangu, kuishi jirani na saa ya uongo lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Na ufunguo wa kinyozi ulikuwa kwake! Kila asubuhi akimfungulia, anatangulia yeye ndani, anapanda juu ya kiti, anairekebisha. Kinyozi anaingia nyuma yake, anapanda kiti kilekile, anairudisha.

"Fundi, hii saa ni ya wateja wangu."

"Wateja wako wanachelewa kazini!"

"Wanachelewa wakiwa wamependeza."

Hayo yaliendelea miaka kumi na mmoja. Sikumbuki aliyeshinda, na sidhani kama kuna aliyetaka yaishe.

Mume wangu alifariki Jumapili moja mchana, akiwa amejilaza baada ya chakula. Hakuugua. Kinyozi alikuja msibani siku hiyohiyo, akapanga viti, akabeba maji, akapokea wageni ambao mimi sikuwa na nguvu ya kuwaona. Kesho yake akaja. Siku ya tano akaja. Siku ya tisa nilianza kukunja nguo za marehemu, na ndani ya mfuko wa shati nikagusa kitu kigumu. Ulikuwa ufunguo wa kinyozi.

Siku tisa hakuwa amefungua duka, na siku tisa hakuwa ameuliza. Tulikuwa tumeshaanza kusema pale nyumbani kwamba wanaume wa mtaa huu wameamua kuomboleza kwa kufuga nywele; kumbe hawakuwa na mahali pa kunyolea.

Nilimfuata nje, nikamwambia, "Shemeji, nisamehe, ufunguo wako uko kwetu."

Akasema, "Sikuja kwa ajili ya ufunguo, shemeji." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa wa duka letu. "Na huu ni wenu."

Niliutazama. Mkono wangu haukunyanyuka. Nikamwambia, "Kaa nao kwanza."

Hiyo "kwanza" yangu imechukua miaka miwili. Kwa miaka miwili sikupita barabara hii. Nilikwenda sokoni kwa njia ya nyuma, na watu wakiniuliza nilisema kule kuna kivuli. Mnaijua njia ya nyuma. Kule hakuna kivuli, kuna mtaro.

Ni Mama Mita aliyenijia nyumbani mwezi uliopita, akakaa, akapima pazia langu kwa jicho, halafu akasema, "Unajua kwamba kinyozi anafungua duka lenu kila siku?" Sikujua. Kila asubuhi, kabla hajanyoa mtu, anafungua kwetu, anafagia, anafuta kioo, anaacha mlango wazi hewa iingie, na ikifika saa nne anafunga. Mtu akiuliza, anamwambia, "Fundi hayupo, lakini duka lipo." Nikamuuliza Mama Mita mbona hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Alinikataza. Alisema usiharakishwe. Lakini sasa miguu yake imechoka, anakwenda kuishi kwa binti yake, na mimi, mwenzangu, mlango wa nne mpaka wa kwanza ni mbali kwa magoti haya. Nani atafungua?"

Alhamisi iliyopita nilikuja. Kinyozi alinifungulia, akasimama pembeni. Meza ilikuwa safi. Bisibisi zimepangwa kwa ukubwa, lenzi ya jichoni iko juu ya kitambaa chake, koti la kazi liko kwenye msumari. Saa zote ukutani zilikuwa zimesimama. Kinyozi akasema, kama anayeomba radhi, "Nilifuta vumbi tu, shemeji. Kazi ya saa si yangu."

Nikakaa kwenye meza yangu ndogo. Nililia, sitawaficha, na kinyozi akaangalia barabara mpaka nilipomaliza. Mara akatokea mzee mmoja mlangoni, kashika saa ya mkononi iliyokatika mkanda. Akauliza, "Mmefungua?"

Kinyozi angeweza kujibu. Miaka miwili amekuwa akijibu yeye. Safari hii alinitazama mimi.

Nikasema, "Karibu, mzee. Kaa."

Mkanda ni kazi ya dakika tano. Mimi ilinichukua nusu saa, kile kijiti cha chuma kinachoshika mkanda kiliniponyoka mara mbili tukakitafuta chini sote watatu. Nilipomaliza, yule mzee akaivaa, akanitazama, akamtazama kinyozi, akasema, "Naona ninyi wawili mmejifunza mwendo wa kazi kwa mwalimu mmoja." Na mimi nikacheka, humo humo ndani, mahali nilipoamini kwamba sitacheka tena.

Ndugu wageni waalikwa, watu watasimama hapa baada yangu wamsifu kinyozi kwa vichwa vingapi amenyoa, na watakuwa wamesema kweli. Mimi namsifu kwa kitu ambacho hakukifanya. Hakunihurumia kwa maneno. Hakunisukuma. Hakunipitisha barabara nisiyoiweza. Aliacha tu mlango wangu wazi, kila asubuhi, ili siku nitakayofika nisikute giza wala buibui. Je, ni wangapi kati yetu tunajua kumsubiri mtu namna hiyo? Shemeji, ule utaratibu wako tulioucheka miaka yote, mimi ndio ulionifaa.

Basi, mzee mwenye nyumba, jibu lako ni hili: sikiachii chumba. Jumatatu nafungua. Sitatengeneza saa, mikono ya kazi ile imekwenda na mwenyewe. Nitabadilisha mikanda na betri, na saa yenye ugonjwa wa ndani nitamwelekeza mwenye nayo kwa fundi wa ng'ambo ya soko.

Na aliyekuwa anakiomba chumba namjua. Ni wewe, binti fundi simu, uliyepanga pale alipokuwa dobi, ambako nasikia umegawiwa nusu ya chumba na nusu ya dirisha. Mwanangu, uliomba kwa haki, na najua kona ina wateja wa barabara mbili. Nisamehe. Lakini chumba cha kinyozi sasa kinabaki wazi, na nimemwomba mzee akufikirie wewe kabla ya mtu mwingine. Naona anaitikia kwa kichwa. Mheshimiwa Diwani, wewe ni shahidi, kichwa kimeitikia.

Nimebakiwa na shida moja. Leo asubuhi kinyozi amenirudishia ufunguo, na safari hii nimeupokea. Lakini siwezi kwenda nao nyumbani. Duka lile halijawahi kufunguliwa na mwenyewe tangu siku ile ya dobi, na mimi sitakuwa wa kwanza. Nahitaji jirani wa kunishikia, na mimi nimshikie wake. Sio kinyozi, yeye tumpumzishe. Sio Mama Mita. Mmesikia habari za magoti. Nani?

Naona mkono kule nyuma. Simama tukuone. Ni wewe, fundi simu? Wewe niliyekunyima kona? Jamani, msimcheke, mwacheni aseme. Anasema nini? Anasema yeye kuamka asubuhi ni shida. Vizuri, basi tutagombana, na itakuwa kama zamani. Njoo uuchukue, na uje na wako. Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa nimesimama pale nje nakusubiri, na usipotokea nitakuja kwenu nijue una nini.

Shemeji kinyozi, nenda salama kwa binti yako, na asante kwa kila asubuhi. Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti, wageni na majirani, nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa msogeze viti, huyu binti fundi simu apite.