Bwana Kipenga na Maegesho Yaliyobaki Wazi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mlinzi wa maegesho yetu anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamjua kama Bwana Kipenga, kwa kile kipenga alichokipuliza kila mtu alipoegesha gari kombo.

Aliajiriwa kupanga magari, na kwa miaka mingi hakufanya zaidi ya hapo. Kisha uongozi ukatangaza kwamba maegesho hayatoshi. Bwana Kipenga akachukua daftari, akasimama getini wiki nzima. Kwa wastani yaliingia magari mia moja na kumi na mawili kwa siku, na mia moja na manne kati yake yalikuwa na mtu mmoja tu ndani. Aliandika pia nani anatoka mtaa gani. Mimi nilikutwa humo: ninakaa karibu kiasi kwamba nikipiga chafya nyumbani, ofisini wananipa pole. Niliona aibu, lakini niliendelea kuja na gari miezi minne zaidi.

Daftari alilipeleka kwa meneja pamoja na maombi matatu: geti la nyuma lifunguliwe, kituo cha basi kisogezwe karibu, na baiskeli zijengewe banda. La kwanza lilimgusa mwenyewe. Ufunguo wa geti lile alikuwa nao yeye kwa miaka kumi na moja, kwa amri ya bosi aliyehama zamani, huku waenda kwa miguu wakizunguka ukuta robo saa nzima. Alikiri kosa hilo mbele ya kikao bila kujiumauma.

Meneja aliyakubali maombi, lakini alimwonya wazi kwamba magari yakishuka chini ya arobaini, nafasi ya mlinzi wa maegesho itafutwa. Alikuwa amebakiza miaka tisa kustaafu, na wanawe wawili walikuwa bado shuleni. Mkewe alimwuliza kama akili zake zimetimia. Jumatatu iliyofuata alifungua geti, na tangu hapo akawa anampigia kipenga cha pongezi kila aliyeingia kwa miguu. Mhasibu na mtu wa masjala, majirani waliokuwa wakifuatana kila mmoja na gari lake, sasa hupanda basi moja na kugombania kiti cha dirishani.

Mwaka wa sita tangu geti lifunguliwe, hesabu ya magari ilifika thelathini na nane, na barua ya kumwondoa ikaandikwa. Watu themanini na sita tulitia saini kuipinga. Uongozi ukakubali abaki hadi kustaafu, akitunza baiskeli. Kazini hatukumwona akihangaika, ingawa mkewe anasema wiki mbili za kusubiri jibu hilo hakuwa akila vizuri.

Ofisi ya utumishi inatuarifu kwamba nafasi yake haitatangazwa. Tunakushukuru, Bwana Kipenga, na tunakuombea wewe na mama watoto siku nyingi zenye afya. Wengi wetu tutastaafu tukiacha kazi mezani. Wewe ya kwako umeimaliza.