Evelio Wawili na Ramani ya Dakta Libia

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za asubuhi. Leo tunamkumbuka Dakta Libia Ocampo, mtafiti wa damu, aliyezikwa Jumamosi. Mtu wa jiji la Medellín, lakini aliomba azikwe huku kwetu milimani.

Alikuja mara ya kwanza watoto wa kiume walipokuwa wakitufia. Kikohozi kidogo tu, mtoto hayupo. Watu walisema ni laana. Dakta alisema ni jeni. Alieleza huku anakula arepa, mkate wetu wa mahindi: seli za kinga ni walinzi, na kila mlinzi ana kipokezi, kama sikio la kusikia amri. Jeni ya sikio hilo ikiharibika, walinzi hawaitiki. Alitaka kujua jeni hiyo inakaa wapi.

Aliwatoa watu damu nyumba kwa nyumba. Majina aliyanakili parokiani, kwenye daftari la ubatizo. Miaka miwili ramani yake ya kuitafuta jeni hiyo haikukubali. Miaka miwili. Na jirani yetu Dioselina, aliyekwisha kumzika mwanawe Evelio, alikuwa na mimba tena.

Siku moja Dakta alitandaza karatasi zake jikoni kwa Dioselina. Dioselina akaweka kidole.

"Dakta, hapa umeandika Evelio aliugua akapona?"

"Si ndiye huyu anayefukuza kuku uani?"

"Yesu wangu! Masomo yote hayo, na marehemu na mzima huwatofautishi? Evelio mgonjwa nilimzika. Huyu alimfuata, akapewa jina lake. Kwetu ndivyo tufanyavyo."

Dakta aliketi. Damu ya mzima alikuwa ameihesabu kuwa ya mgonjwa.

"Nimekupotezea miaka miwili, mama."

"Basi usiongeze wa tatu. Kunywa maji yako ya sukari ya panela, yanapoa."

Kisha Dioselina akamletea kitambaa alichokificha nyuma ya sanamu ya Bikira. Ndani mlikuwa na kitovu kikavu cha marehemu. Kutokana na kitovu hicho, na damu ya majirani, jeni ilipatikana.

Nevardo, mtoto wa mimba ile, alizaliwa akiwa nayo, mbovu vilevile. Lakini safari hii walijua. Kabla ya kikohozi cha kwanza, alipandikizwa uboho wa mifupa ya kaka yake, Evelio mzima.

Familia ya Ocampo, poleni sana. Mungu ampumzishe. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tunyamaze kidogo, tuwakumbuke watoto wetu waliotangulia, kila mmoja peke yake, hata wale waliochangia jina.

Jumamosi Nevardo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Dakta. Ana miaka ishirini na saba. Jina lake hakuna mtoto aliyehitaji kulirithi.