Siku Tulizodhani Duka Ni Letu

Brussels, Jumamosi tarehe 14 Juni 2014

Kwa ndugu yetu Elineema, anayerudi nyumbani.

Mheshimiwa mwakilishi wa ubalozi, uliyekubali kutupa Jumamosi yako. Mchungaji wetu na Padre wetu, ambao leo mmekaa meza moja na mnachekeana. Mwenyekiti wa kikundi chetu, Maman Euphrasie. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Evere hapa hapa, mliotoka Matonge, na ninyi mliokuja na treni kutoka mbali. Akina papa, akina maman, vijana na watoto. Na wewe mwenyewe, Elineema, shemeji yangu kwa kuwa ulimfanya mke wangu dada yako, ambaye kwa ajili yako tumevaa nguo za sikukuu huku mioyo ikiwa haina sikukuu: nawasalimu nyote.

Kwa wasionijua, mimi ni Philbert, mzaliwa wa Kigoma, mfuaji wa mashuka ya hospitali kule Woluwe, na mume wa marehemu Thérèse Kyungu. Nasema mume kwa sababu sijazoea neno lingine. Maman Euphrasie aliponiomba nizungumze, nilimwambia nitalia. Akanijibu: “Papa Philbert, lia. Mulango iko wazi, mouchoir ya kupangusa machozi niko nayo. Lakini sema.”

Basi nitasema. Na nitasema jambo moja ambalo lazima limalizike leo, kwa kuwa kesho shemeji anapanda ndege. Kuna ujumbe wa mke wangu kwako, Elineema, ambao haukukufikia. Nimeubeba zaidi ya mwaka mzima. Sitaki uondoke huku ujumbe huo ungali mfukoni mwangu.

Ndugu wageni, ni nani kati yetu ambaye Elineema hakumsaidia kusoma barua ya manispaa? Ni nani aliyefika mji huu wakati wa baridi akiwa na viatu vya Dar es Salaam au vya Lubumbashi, ambaye Elineema hakumpeleka kutafuta buti? Mtu huyu humenya chungwa bila kukata ganda, likashuka lote kama utepe, kisha chungwa akampa mwingine. Nimemwona akifanya hivyo kwa miaka mingi, na sijawahi kumwona akila chungwa lenyewe.

Ndiye aliyetuletea habari ya hisa.

Wageni hamjui desturi ya kikundi chetu, nami nitaieleza kwa kifupi. Tunakutana Jumapili, baada ya ibada za pande zote mbili. Tunaanza kwa kuwaombea wenye shida. Kisha tunajadiliana, na kila mmoja ana kikombe chake mezani. Asiyekubaliana na jambo anakifunika kikombe chake, mdomo chini, na kikombe kimoja kikiwa kimefunikwa, chai haimiminwi kwa mtu yeyote. Hatupigi kura. Tunangoja, au tunabembelezana, mpaka vikombe vyote visimame.

Mwaka 2010 Elineema alikuja na taarifa ya kampuni moja ya rehani, kampuni ya ng'ambo, iliyokuwa imefungua duka lake katika barabara ya maduka, si mbali na Matonge. Mnalikumbuka: kioo kikubwa, taa kali, na ndani yake saa, mikufu, kamera na gitaa. Mtu alipeleka kitu chake, akapewa fedha, na akapewa tarehe ya kukikomboa. Hisa za kampuni ile ziliuzwa sokoni kwa yeyote, bei ya dhahabu ilikuwa inapanda, na Elineema alisema hata watu wadogo kama sisi, tukichanga, tungeweza kununua.

Alitufundisha hisa kwa keki. Wambui, mhazini wetu, alikuwa ameoka keki ya ndizi. Elineema akaikata vipande vyembamba, akasema kampuni ni keki, na hisa ni kipande. Papa Hénock akainua kipande chake juu.

“Donc nikikula hii, Wambui anakuwa mutumishi yangu?”

“Hapana, papa,” Elineema akasema, akicheka mpaka miwani ikashuka. “Keki inaweza kukunufaisha, lakini hata jikoni kwake huingii.”

Tulicheka wote. Vikombe vilisimama. Kimoja tu kilifunikwa, kikombe cha buluu chenye ufa mpinini. Kilikuwa cha Thérèse.

Nami niseme kwa nini. Miaka yote hiyo, kabati la chumbani kwetu lilikuwa ghala la akina mama wa kikundi. Mtu akibanwa, alimletea Thérèse vitenge vyake vizuri, akasaidiwa, na siku aliyoweza akavichukua. Mtu akisafiri, aliacha hereni zake kwake. Alivianika vitenge kwenye baranda mara jua lilipotoka, na mnajua jua la hapa lilivyo na haya. Hakuna kitu cha mtu kilichopotea, wala kuuzwa. Mama mmoja alikaa Kinshasa mpaka tukadhani hatarudi, na siku aliporudi akakuta kitenge chake kinanukia sabuni. Thérèse alikuwa na maneno yake: “Kintu ya muntu hatuuzishake. Atakuja tu.”

Kwa hiyo siku ile wakamwuliza, wewe mwenye kabati, unaonaje? Akasema hivi, nami nayasema kwa sauti yake kadiri ninavyoweza:

“Miye sina na ubaya na duka. Lakini muniambie. Hapa tunaombeaka benye shida. Tukikuwa na ile duka, tutaomba nini? Batu bapate shida, ao basipate?”

Kisha Wambui akasema, “Mama Thérèse, tutaomba wapate shida ndogo. Ya kulipika.”

Ukumbi ulianguka kwa kicheko, na Thérèse mwenyewe alicheka, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Elineema hakucheka. Alimjibu kwa heshima. Alisema duka lile halimfukuzi mtu anayefukuzwa na benki. Alisema wengi wanaoweka vitu hurudi kuvichukua, na taarifa imeonyesha hivyo. Alisema shida ipo, tuwe na hisa tusiwe nazo. Na je, hakusema kweli? Alisema kweli. Mpaka leo sijui ni nani kati yao wawili angepaswa kushinda.

Lakini hatukungoja kujua. Papa Hénock alikuwa na kiu. “Maman Thérèse, geuza kikombe, chai inapola! Ma-hisa zitapanda sie tukiwa na koo kavu!” Naye akakigeuza. “Bon,” akasema, “chai isipole juu yangu.” Tukamimina. Swali lake halikujibiwa, ndugu zangu. Hilo ndilo ninalolisikitikia zaidi kuliko yote niliyosema na nitakayosema, kwamba tulikuwa na haraka ya chai.

Tukanunua. Na mara tu tuliponunua, tukawa wenye duka. Nani anabisha? Maman Euphrasie, ulikuwa ukipita pale kila Ijumaa na mikate, ukimwambia kijana wa kaunta, Jean-Pierre, “Mutoto yangu, umekula?” Papa Hénock alimkemea mtu aliyeegemea kioo. Mimi mwenyewe nilipopita na basi, niliangalia kama taa zinawaka. Tulikuwa na kipande chembamba cha keki, lakini kwetu, kitu ambacho umechangia ni chako, na mtu anayekihudumia ni mtoto wako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na si malezi mabaya. Yalikosea tu mahali pa kwenda.

Mwaka uliofuata, mama mkwe wangu alifariki Lubumbashi. Tulikata tiketi upesi. Thérèse alikuwa na bangili ya dhahabu aliyopewa na mama huyo, nyembamba, yenye kidonda kidogo upande mmoja, pale alipoiuma kwa jino lake la kwanza akiwa mikononi mwa mama. Hakutaka kusafiri nayo. Wote waliokuwa wakisafiri waliacha dhahabu kwake. Yeye aiache kwa nani?

Elineema ndiye aliyemwambia: “Dada, ipeleke dukani. Si ni duka letu?”

Akaenda. Nadhani alikwenda kwa ajili ya amani, ili aliyefunika kikombe aonekane naye amekunywa chai. Walimpa fedha ambazo hakuzihitaji na karatasi yenye tarehe, tukaondoka.

Lubumbashi mambo yalikuwa mengi kama misiba ilivyo, ndugu wakitoka Likasi na Kolwezi, na nyumba ya marehemu ikiwa haijajulikana itabaki kwa nani. Tarehe ikakaribia. Thérèse akampigia simu Elineema. Nilikuwa kando yake, nikasikia kila neno.

“Dada, kaa umlilie mama yako,” Elineema alisema. “Nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia ni sisi.”

Shemeji, ulikwenda. Jean-Pierre alinieleza baadaye jinsi ulivyokwenda. Ulivaa suti. Ulichukua cheti cha hisa zetu ndani ya bahasha, ukakiweka kaunta, ukasema bangili ile ni ya dada yako na wenye duka wanaomba ingoje. Kijana wa watu akasema, ndiyo, monsieur, akidhani unataka tu kuonyesha cheti. Hukulipia kuongeza muda, wala hukujua kwamba ungeweza kulipia. Uliyetuambia hata jikoni hatuingii, siku ile uliingia jikoni, kwa ajili ya mke wangu. Uliingia kwa upendo. Na jiko halikukujua.

Tuliporudi, bangili haikuwepo. Tarehe ilikuwa imepita, ikapelekwa pamoja na dhahabu nyingine, ikayeyushwa. Duka halikumwibia mtu. Lilifuata karatasi yake, na sahihi iliyokuwa chini ya karatasi ilikuwa ya Thérèse.

Nje ya duka, Thérèse alishika kifundo cha mkono wake kama mtu anayetafuta mapigo. Kisha akasema, “Tununue mukate, nyumbani hakuna.” Tukanunua mkate.

Hisa tuliziuza baadaye, bila faida na bila hasara ya kulilia. Leo mahali pale wanauza vifuniko vya simu. Lakini wewe, Elineema, hukuja tena nyumbani kwetu. Jumapili ulikaa karibu na mlango. Thérèse alikukaribisha mara ya kwanza, na ya pili, nawe ulikuwa na kazi, ulikuwa na mafua, ulikuwa na mgeni.

Kisha akaugua. Akalazwa Woluwe, kwenye mashuka ambayo baadhi niliyafua mimi. Asubuhi moja tulikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake. Ndani yake kulikuwa na machungwa, yote yamemenywa, yamefungwa vizuri kwa karatasi ya jikoni. Hapakuwa na jina. Tulihitaji jina la nini?

Thérèse alicheka, kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka kilichokuwa kizima. “Elineema amefika mpaka hapa, akarudia ku mulango,” alisema. “Anaogopa kuona mukono yangu mutupu.” Akauinua mkono ule ule, wenye ule utepe wa plastiki wanaowafunga wagonjwa. “Umuambie asiogope. Hapa hôpital wamenipatia bangili ingine, ya bure. Na iko na jina yangu juu, hii haitapotea. Umuambie akuje, tukule machungwa.”

Huo ndio ujumbe, shemeji. Nilikupigia jioni ile, nikakuambia tu kwamba anakuuliza. Yaliyobaki nilitaka uyasikie kinywani mwake. Ukasema utakuja Jumapili. Alituacha Ijumaa. Machungwa aliyala, nakuhakikishia. Aliyala yote, hakunipa hata moja.

Ndugu wageni, nimebakiza kidogo. Wakati Elineema anatafuta nyumba yake ya kwanza hapa Evere, alipungukiwa, akaleta kabatini kwetu tarumbeta lake, lile alilokuwa akipiga katika kwaya ya matarumbeta ya kanisa lao Machame. Fedha alizirudisha mapema. Tarumbeta aliliacha, kwa sababu jirani wa juu alikuwa akigonga sakafu kwa ufagio. Kila Pasaka alikuja kulichukua, akapiga kanisani, akalirudisha. Pasaka iliyofuata baada ya bangili, hakuja.

Thérèse alilitoa hata hivyo. Alilifuta kwa kitambaa laini, akaliweka kidogo kwenye baranda, akalirudisha kabatini. Pasaka ya mwaka jana hakuwepo, nikafanya mimi. Mwaka huu nikafanya tena. Sijui kama nimelifuta anavyotakiwa mtu kulifuta.

Maman Euphrasie, tafadhali nisaidie kulitoa chini ya meza.

Hili hapa, Elineema. Njoo ulichukue. Hapana, usiseme kitu. Leo zamu ya kusema ni yangu. Dada yako alisema utakuja tu, nawe umekuja. Majirani wa Machame hawana ufagio wa kugonga sakafu, na hapa Evere leo bendera za mpira zimejaa kwenye baranda, hakuna atakayeuliza kelele ni za nini. Ukitaka kujaribu kabla ya safari, jaribu.

Mheshimiwa, Mchungaji, Padre, Mwenyekiti, ndugu wote, mmenivumilia kwa utulivu, na ninawashukuru kwa hilo. Chai inakuja, najua papa Hénock ana kiu.

Nawe shemeji, safiri salama. Asubuhi ya Pasaka, ukishalifuta na kabla hujalipuliza, utukumbuke, Thérèse na mimi.